Kuacha Pombe Ukiwa na Wenzako: AA, Kikundi cha Kanisani, cha Hospitali au cha Mtandaoni?

Kaka yangu alipokubali kwamba pombe imemzidi nguvu, alipata ushauri wa aina tatu katika wiki moja. Mama alitaka aende kwenye kikundi cha kanisani kwake. Daktari wa zahanati alimwandikia barua ya kujiunga na kikundi cha hospitali. Mwenzake wa kazini, ambaye hatukuwahi kujua kwamba naye aliwahi kuwa mnywaji wa kupindukia, alimnong'oneza kuhusu AA, chama cha wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe. Kaka alikaa miezi miwili bila kwenda popote, akisema bado anatafakari, na miezi yote hiyo miwili aliendelea kunywa.

Ulinganisho huu nimeuandikia mtu aliyekwama pale alipokwama yeye. Mifano yangu mingi ni ya Nairobi na miji mingine ya Kenya, kwa kuwa ndiko tulikohangaika, ingawa msomaji wa Arusha au Dar es Salaam ataona kwamba mengi yanamhusu pia.

Wapo wanaopaswa kuanzia hospitali

Kuna jambo moja lisilo la kuchagua. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai bila kuimwaga mpaka azimue kwa toti moja, asiache pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani eti kwa sababu kesho ndiyo siku ya kikao. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Kifafa cha ghafla huweza kufuata ndani ya siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huweweseka, wakaona wadudu na watu wasiokuwepo, hali ambayo isipotibiwa huweza kuua. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kwanza, apewe dawa za kumtuliza kama diazepamu pamoja na vitamini B1, na kikundi kifuate hali yake ikishatulia.

Wala ndugu zake wasimtilie kwa siri kwenye chai ile dawa inayotangazwa kwenye nguzo za umeme kwamba inaachisha pombe. Hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Ikiwa ni disulfiramu, ambayo madaktari huitoa kwa ridhaa ya mgonjwa, mtu aliyeimeza bila kujua kisha akanywa pombe huwaka uso, moyo humwenda mbio na shinikizo lake la damu huweza kushuka vibaya.

Milango minne, na mambo sita ya kupimia

Mlango wa kwanza ni AA, yaani Alcoholics Anonymous. Chama hiki kilianza mwaka 1935 mjini Akron, katika jimbo la Ohio huko Marekani, pale Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, wakagundua kwamba mnywaji akizungumza kwa uwazi na mnywaji mwenzake, hamu ya kunywa humpungua. Leo kina mikutano katika takriban nchi 180, kinafuata hatua kumi na mbili za kujikagua na kubadili maisha, na sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa.

Wa pili ni kikundi cha kanisani, na hapa kuna aina zaidi ya moja. Baadhi ya makanisa ya mijini hufuata mpango wa Celebrate Recovery, ulioanzishwa mwaka 1991 katika kanisa la Saddleback, California, wenye kanuni nane zilizotolewa katika zile Heri za mahubiri ya mlimani. Wakatoliki wana chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na padre Mjesuiti James Cullen, ambacho wanachama wake huweka ahadi ya kutogusa kileo na huvaa beji ya Moyo Mtakatifu. Kwingineko kikundi ni watu wachache wa jumuiya, Biblia na mzee wa kanisa mwenye subira, bila mwongozo wowote ulioandikwa.

Wa tatu ni kikundi cha hospitali au cha kituo cha tiba, kinachoongozwa na mshauri nasaha au muuguzi wa afya ya akili. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili iliyoko kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi, ina kitengo cha kutibu uraibu, na vituo vya binafsi kwa kawaida huwa na vikao vya ufuatiliaji kwa waliokwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Wa nne ni mikutano ya mtandaoni: ile ya AA inayofanyika kwa simu au video, na ile ya SMART Recovery, shirika lililoanza Marekani mwaka 1994, ambalo badala ya hatua kumi na mbili hutumia mbinu za tiba ya fikra na tabia.

Milango hii yote nimeipima kwa mambo sita: nani atakuona ukiingia; saa, nauli na lugha; nafasi ya Mungu; kinachofanyika chumbani; kinachotokea siku ukiteleza; na nafasi ya familia yako. Atakayeuliza kwa nini sikuanza na suala la ipi inafanya kazi zaidi atakuwa na haki ya kuuliza. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionyesha kwamba tiba za kumwelekeza mgonjwa katika AA kwa utaratibu maalumu ziliwasaidia watu kubaki bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, ikiwemo tiba ya fikra na tabia, na kwamba katika matokeo mengine zilikaribiana. Ni ushahidi mzito. Hata hivyo mtu ambaye kikao cha AA kilicho karibu naye kiko umbali wa saa mbili kwa matatu hawezi kuutumia ushahidi huo, na ndiyo maana nimeona ni heri kuanza na mambo yanayoamua kama mtu atarudi wiki ijayo.

Nani atakuona ukiingia

Nimekaa zaidi kwenye kigezo hiki kwa sababu ndicho kilichomzuia kaka. AA hutumia jina la kwanza tu, haina daftari la mahudhurio, na yanayosemwa chumbani hayatakiwi kutoka nje. Lakini kuna njia ya kukifikia chumba chenyewe. Jumanne moja tulifika katika ua wa kanisa lililowapa AA nafasi ya kukutania, na kaka akakataa kumuuliza mlinzi. Tulizunguka ua mara mbili, tukajifanya tunasoma matangazo ya ndoa yaliyobandikwa mlangoni, mpaka mlinzi mwenyewe akatuita: "Ninyi ni wa kile kikao cha saa kumi na mbili? Piteni huku nyuma, chumba cha watoto wa shule ya Jumapili." Hakutaja pombe, hakutaja AA. Ndani kulikuwa na watu kumi na mmoja, baadhi wamekalia viti vya watoto magoti yakiwafika kifuani, na birika la chai juu ya meza. Mzee aliyekuwa karibu na mlango alimtazama kaka mara moja tu, akasema, "Karibu, ndugu. Chai iko hapo, sukari ni ile ya kwenye kopo."

Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu kilikuwa kikao cha wazi. Vipo vikao vya wazi, ambavyo ndugu, rafiki au mwanafunzi wa udaktari anaweza kuhudhuria, na vikao vya ndani, ambavyo ni vya wenye tatizo la pombe pekee. Anayepiga simu kuulizia kikao aulize ni cha aina gani. Ajue pia kwamba usiri wa AA unategemea uungwana wa waliohudhuria, hauna kiapo cha kitaaluma, na katika mji mdogo unaweza kumkuta mwalimu wa mwanao amekaa kiti cha pili. Faraja iliyopo ni kwamba naye amekukuta.

Kikundi cha hospitali kiko tofauti. Mshauri anabanwa na maadili ya taaluma yake, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Lakini kuna faili lenye majina yako matatu, kuna foleni, na kuna jina la hospitali yenyewe. Nairobi, kumwambia mtu "wewe ni wa Mathari" ni tusi, kama vile Mtanzania anavyotaniwa kwamba ametoroka Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, na kuna watu ambao wangekubali kuonekana baa saa nne asubuhi kuliko kuonekana kwenye lango hilo. Kwa upande mwingine, faili hilohilo ndilo linalotoa barua. Mfanyakazi aliyepewa onyo na mwajiri na kutakiwa athibitishe kwamba anatibiwa atapata uthibitisho wa kueleweka hospitalini, ilhali AA haiweki kumbukumbu za nani alikuja.

Kanisani usiri ni mgumu kwa maumbile ya mahali penyewe. Ibada zetu zina utamaduni wa ushuhuda, na ombi la sala lina tabia ya kusafiri: jambo ulilomweleza kiongozi Jumatano linaweza kurudi Jumapili kama "tumkumbuke ndugu yetu mmoja anayepigana na kileo", na watu wote wakageuka kukutazama. Viongozi waliofunzwa vizuri huliepuka jambo hili, kwa hiyo uliza mapema. Lakini si kila mtu anahitaji kujificha. Beji ya Pioneer kifuani humwonekania kila mtu, na mtu aliyeivaa kwenye karamu ya mahari hahitaji kueleza mara kumi kwa nini amekataa bia. Kwa baadhi ya watu kujulikana ndiko kinga yenyewe.

Pwani mambo yana uzito wake. Mwislamu anayekunywa anaijua tangu utotoni aya ya 90 ya Surat al-Maida, inayokataza pombe, na mara nyingi unywaji wake wenyewe ni wa siri, hivi kwamba kuingia mlango wa kikundi ni kukiri mambo mawili kwa mpigo. Isitoshe, huduma nyingi za uraibu za ukanda huo zilikua kwa sababu ya heroini, kama ule mradi wa Omari wa Malindi ulioanza miaka ya 1990, au zile soba hausi za Unguja, yaani nyumba wanamokaa watu wanaoacha dawa za kulevya. Mnywaji wa mnazi au wa konyagi akifika huko hujiona hayupo mahali pake, ingawa mazungumzo ya waliopona uraibu mmoja mara nyingi humfaa mwenye uraibu mwingine. Asichanganye tu jambo moja: kliniki za methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake, si wa pombe.

Mtandaoni hakuna anayekuona barabarani. Wanaokuona ni wa nyumbani, hasa kama mnaishi wanne katika chumba kimoja, kwa hiyo tafuta visikizi na ubadilishe jina linaloandikwa chini ya picha yako kabla hujaingia, kwa sababu programu nyingi huchukua jina lako kamili kutoka kwenye akaunti.

Saa, nauli na lugha

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo wengi waliizoea kwa jina la sheria ya Mututho, iliruhusu baa zifunguliwe kuanzia saa 11 jioni siku za kazi. Hiyo ndiyo saa mtu anapotoka kazini akiwa na nauli mfukoni. Vikao vingi vya AA vya mijini huwekwa jioni au saa ya chakula cha mchana, na kikao cha jioni kina faida hii kwamba kinajaza saa ileile ambayo miguu ilizoea kuelekea kwingine. Kikundi cha hospitali kwa kawaida hukaa mchana wa siku za kazi, jambo linalomfaa asiye na ajira au aliye likizoni na kumsumbua kibarua anayelipwa kwa siku. Cha kanisani mara nyingi ni mara moja kwa wiki, lakini huwa karibu kiasi cha kwenda kwa miguu.

Kuhusu gharama, AA haina ada; kofia au kikapu hupitishwa na anayetaka kutoa hutoa, na chama hakipokei michango ya watu wa nje. Gharama halisi ni nauli. Mtu anayetumia shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, mara tatu kwa wiki, hutumia 2,400 katika wiki nne, na mvua ikinyesha matatu hupandisha. Katika AA kuna ushauri maarufu unaomtaka mgeni ahudhurie mikutano 90 katika siku 90. Ni ushauri wa miji yenye vikao kila siku. Eldoret au Kisumu mtu asijione ameshindwa kwa kutoufikia; ajazie siku zilizobaki kwa mikutano ya mtandaoni. Hospitalini uliza kama kila kikao kina malipo ya kuonana na mtaalamu, na katika kituo cha binafsi uliza kama vikao vya ufuatiliaji vimo ndani ya ada uliyokwisha kulipa, maana wengine huzilipa mara mbili bila kujua.

Mtandaoni kuna bando, na kuna tofauti ya saa ambayo ina uzuri usiotarajiwa. Kikao cha saa 1 jioni cha New York, wakati wa majira ya baridi yao, ni saa 9 usiku kwetu, yaani saa ambayo mtu aliyeacha pombe wiki iliyopita amekodoa macho darini na hana wa kumpigia. Ubaya ni lugha: mikutano mingi huko ni ya Kiingereza. Vikao vya Nairobi huchanganya Kiingereza na Kiswahili, na kadiri unavyosogea mtaani Kiswahili huongezeka. Kanisani utasema kwa lugha unayoombea, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayejaribu kueleza aibu.

Nafasi ya Mungu

Hatua za AA zinamtaja Mungu "kwa jinsi tulivyomwelewa", na vikao vingi huhitimishwa kwa sala fupi. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote hukaa humo, ingawa asiye na dini huchoka mapema na Mwislamu hufurahi zaidi kikao kisipofanyika kwenye ua wa kanisa. Kikundi cha kanisani kiko wazi kabisa kuhusu imani yake, na kwa muumini hilo ni nguvu. Kwa aliyewahi kukemewa hadharani kutoka madhabahuni kwa sababu ya pombe, huenda majeraha yakafunguka upya. Hospitali na SMART Recovery hazigusi suala hili.

Kinachofanyika chumbani

Katika AA kila mmoja huzungumza kwa zamu kwa dakika chache, na hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Mgeni anaweza kukaa kimya kikao kizima. Kaka alikaa kimya vikao vinne. Kilichompa shida ni ule utambulisho wa "naitwa fulani, mimi ni mlevi", ambao kwa Kiswahili unauma kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu kwetu mlevi ni pia yule aliyelala mtaroni sasa hivi, na ni neno la kutukania. Wengine husema "nina uraibu wa pombe", na sijaona mtu akikatazwa. Baadaye mgeni hushauriwa kutafuta mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe wa kumwongoza katika hatua, ambaye huitwa sponsa. Na kwa kuwa mitaani sponsa ni mzee mwenye pesa anayehonga wasichana, mwanamke asishangae vicheko, ila achague mwanamke mwenzake. Hili la mwisho ni ushauri wa AA wa tangu zamani, nao una sababu: wapo wanachama wakongwe wanaowanyemelea wageni wakati ambapo akili zao bado hazijatulia.

Hospitalini kuna mada iliyopangwa, kama vile vichocheo vya kunywa, usingizi, madeni au hasira, na mshauri humjibu kila mtu, humsahihisha, na humpeleka kwa daktari ikibidi. Kwa mwenye sonona au mawazo ya kujidhuru pamoja na pombe, sioni mlango mwingine unaoweza kuchukua nafasi hii. Udhaifu wake ni kwamba kikundi huwa na mwisho: vikao vilivyopangwa vikiisha, kila mtu hushika njia yake. Celebrate Recovery huanza na nyimbo na fundisho, kisha wanaume na wanawake hugawanyika katika vikundi vidogo. Humo mwenye tatizo la pombe hukaa na mwenye hasira, mwenye huzuni ya msiba na mwenye kubeti, jambo linalopunguza aibu na pia linalopunguza muda wa kuzungumzia pombe yenyewe. SMART Recovery hutoa mazoezi ya kuandika, kwa mfano jedwali la faida na hasara za kunywa na za kuacha, na huwafaa wanaopenda kuona hoja kwenye karatasi.

Siku ya kuteleza

Kaka aliteleza wiki ya sita, siku ya mshahara. AA haimfukuzi mtu. Aliyekunywa hurudi, siku zake huanza kuhesabiwa upya kutoka moja, na akija akiwa amelewa kwa kawaida huombwa asikilize bila kuzungumza. Kule kuhesabu upya huwajenga wengine na huwavunja wengine. Nimeshuhudia yote mawili. Kanisani hutegemea kiongozi: wapo wanaokuja nyumbani kwako kesho yake na mkate, na wapo wanaokuvua uimbaji wa kwaya kwanza kisha ndipo wanakuuliza hali. Hospitali ndiyo yenye uwezo wa kubadilisha kitu, kwa sababu daktari anaweza kukuongezea dawa kama naltreksoni inayopunguza hamu ya pombe, au kukulaza. Mtandaoni kurudi ni rahisi kuliko kokote, na kupotea vilevile; ukizima kamera hakuna atakayegonga mlango wako.

Nafasi ya familia

Mke, mama au ndugu wa mnywaji wana chama chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mkewe yule Bill, pamoja na wenzake. Hakifundishi namna ya kumwachisha mtu pombe. Kinawasaidia waliochoka kuacha kumfunika, kumlipia madeni na kumdanganyia bosi kwamba ana malaria. Hospitali nyingi huita familia mara moja au mbili. Kanisani familia ipo tayari, wakati mwingine kupita kiasi.

Kuvitafuta na kuvikagua

Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192, ambako utaelekezwa kwa washauri na vituo. AA ina ukurasa wa nchi kwenye tovuti yake, lakini vyumba huhama, kwa hiyo piga simu kabla hujapanda gari. Kokote uendako, ondoka ukiona kikundi kinadai ada ya kujiunga kwa jina la AA, kinakukataza kumeza dawa ulizoandikiwa na daktari, kinapiga picha za wahudhuriaji, au kinaahidi uponyaji kwa siku maalumu. Kwa chochote kingine jipe angalau vikao vitatu. Cha kwanza hakikuonyeshi kitu zaidi ya hofu yako mwenyewe.

Kwa hali yako

Ukiwa unatetemeka asubuhi, au una sonona, au mwajiri anataka karatasi, anza na hospitali, na kabla vikao havijaisha uwe umekwisha kujua kikao kimoja cha AA au cha kanisani utakakohamia.

Ukiwa umelala bila pombe siku kadhaa na tatizo lako ni zile saa za jioni, na kuna kikao cha AA unachoweza kukifikia kwa gari moja, hicho ndicho cha kujaribu kwanza. Mwanamke aulize kama kipo cha wanawake, na kinaisha saa ngapi, maana kurudi peke yake saa tatu usiku ni suala la usalama.

Ukiwa muumini ambaye marafiki wote wa zamani ni wa baa, kikundi cha kanisani kinakupa watu wa kukaa nao Jumamosi mchana, kitu ambacho hospitali haikipi. Ukiwa Mwislamu, au huna dini, au imani imekuwa sehemu ya jeraha, jaribu SMART Recovery ya mtandaoni kama Kiingereza chako kinatosha, au AA iliyo kwenye jengo lisilo la ibada.

Ukiwa kijijini, au ni mlinzi wa zamu za usiku, au ni mfanyakazi wa nyumbani huko Ghuba ambako kutamka tu kwamba unakunywa ni hatari, mtandao ndio mlango wako kwa sasa. Mtafute humo mtu mmoja wa kumpigia simu kwa jina, ili usibaki jina tu kwenye skrini.

Na ukiwa kama kaka, ambaye kila mlango ulikuwa na kasoro, unaweza kuichanganya. Jumapili huenda na Mama kanisani, ambako anajulikana na hajali tena. Usiku usingizi ukikataa huwasha simu akawasikiliza watu wa New York. Jumanne yuko kwenye kile chumba cha viti vya watoto, na hufika nusu saa kabla akiwa na nusu kilo ya sukari kwenye mfuko wa koti, kwa kuwa ile ya kwenye kopo huisha.